Tathmini ya duka la bangi lenye leseni mjini Toronto, na uhuru linaouuza

Duka ninaloliandikia hapa liko magharibi mwa Toronto, katika mtaa wenye vinyozi, mikahawa midogo na maduka ya nguo za mitumba, na ni moja kati ya maduka mengi ya bangi yenye leseni yaliyofunguliwa katika jimbo la Ontario tangu tarehe 1 Aprili 2019. Nimekuwa mteja wake kwa muda sasa, mara nyingine kwa mahitaji yangu mwenyewe na mara nyingine nikiwasindikiza jamaa wanaotaka kuona kinachouzwa humo. Nalitathmini kwa bei, huduma na ubora wa bidhaa kama duka lolote, lakini naongeza kipimo kimoja zaidi. Sisi tuliotetea kuhalalishwa kwa bangi tulisema kwamba mtu mzima ana haki ya kuamua mwenyewe anachokiingiza mwilini mwake, maadamu hamdhuru mwenzake. Basi duka linalofanya biashara kwa msingi wa haki hiyo lina wajibu wa kumpa mteja maarifa ya kuamulia, na pia kumweleza uhuru wake unaishia wapi. Kwa jukumu la kwanza duka hili linafanya vizuri, ingawa si kila siku. Kwa la pili limeshindwa, na wanaoumia kwa kushindwa huko ni watu kama sisi tuliotoka nje.

Uhuru wenyewe haukupatikana kwa urahisi. Kanada ilipiga bangi marufuku mwaka 1923. Tume ya serikali iliyoongozwa na Gerald Le Dain ilipendekeza mwaka 1972 kwamba kupatikana na bangi ya matumizi binafsi kusiwe kosa la jinai, na pendekezo hilo likabaki kwenye makabati ya serikali kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2003, katika kesi ya Malmo-Levine, Mahakama ya Juu ya Kanada iliombwa itamke kwamba kumfunga mtu kwa sababu ya kuvuta bangi ni kukiuka haki yake ya uhuru chini ya katiba. Majaji walio wengi walikataa: kuvuta bangi ni namna ya maisha ambayo mtu amejichagulia, wakasema, na katiba hailindi kila namna ya maisha, anayetaka sheria ibadilike aende bungeni. Ndivyo ilivyokuwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bangi mwezi Juni 2018, ikaanza kutumika tarehe 17 Oktoba mwaka huo, na Kanada ikawa nchi ya pili duniani kuruhusu bangi ya starehe nchi nzima, baada ya Uruguay. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza tabia ya duka lenyewe. Anachokiuza mhudumu pale kaunta ni ruhusa iliyotolewa na Bunge, yenye vipimo na masharti, na Bunge linaweza kuipunguza au kuiongeza. Mteja anayedhani kwamba ameingia mahali ambapo kila kitu ni ruksa ataumia.

Masharti hayo huanza kuonekana ukiwa bado barabarani. Vioo vya duka vimefunikwa kiasi kwamba mtoto anayepita hawezi kuona bidhaa zilizo ndani, na aliye chini ya miaka 19 haruhusiwi kuvuka kizingiti hata akiwa na mzazi wake. Mlangoni anakaa kijana anayeomba kitambulisho kwa adabu. Nimewahi kumwona akimrudisha mama mmoja aliyekuja na mtoto mchanga mgongoni, akimweleza taratibu kwamba anaweza kuagiza kwa simu na kuletewa hadi mlangoni, au kuagiza na kuchukulia nje. Baadhi ya wateja hulalamika kuwa ukaguzi huo unadhalilisha. Mimi nauona kuwa ndio uliotuwezesha kuipata sheria hii, kwa maana kura nyingi za wabunge zilitokana na ahadi kwamba bangi itaondolewa mikononi mwa wauzaji wa vichochoroni, ambao hawajawahi kumwuliza mtoto umri wake.

Ndani ni pasafi, pana mwanga wa kutosha, na harufu ni hafifu kuliko unavyotarajia, kwa kuwa kila kitu kimefungwa. Maua ya bangi yamewekwa kwenye vichupa vyenye kioo cha kukuzia na matundu madogo ya kunusia, ili mteja aone na anuse bila kugusa. Upande wa kushoto iko misokoto iliyoviringishwa tayari, mafuta ya matone, vidonge, krimu za kupaka na vinywaji, na upande wa kulia ziko peremende na chokoleti. Kila kitu kimefungwa katika pakiti za rangi moja zisizong'aa na zisizo na picha za watu, kwa sababu sheria inakataza matangazo yanayoihusisha bangi na urembo, michezo au maisha ya kifahari.

Kilichonivutia zaidi dukani humu ni lebo, na ningemwomba kila mteja mpya aanze nayo kabla ya kuuliza bei. Pakiti ya maua ya gramu 3.5 niliyo nayo mezani ninapoandika ina alama nyekundu yenye pembe nane, ndani yake jani na herufi THC, ile kemikali inayolevya. Chini yake kuna onyo la afya ndani ya kisanduku cha manjano. Halafu kuna stempu ya ushuru ya jimbo, tarehe ya kufungashwa, na namba ya shehena ambayo kwayo bidhaa inaweza kurudishwa kiwandani ikigundulika kuwa na ukungu, dawa za kuulia wadudu au metali nzito. Kisha zinakuja namba mbili zinazowachanganya watu: THC miligramu 6 kwa gramu, na jumla ya THC miligramu 224 kwa gramu. Namba ya kwanza ni kiasi kilichomo jani likiwa halijapata moto. Ya pili ni kiasi kitakachokuwepo likishawashwa, na ndiyo ya kuzingatia. Miligramu 224 kwa gramu ni sawa na asilimia 22.4, kwa hiyo msokoto wa nusu gramu una miligramu 112, ingawa nyingine huungua na kupotelea hewani kabla ya kufika kwenye mapafu. Hakuna muuzaji wa kichochoroni, iwe Toronto, Nairobi au Dar es Salaam, anayeweza kumpa mteja wake taarifa hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe hana. Mtu anayenunua kete iliyofungwa kwenye gazeti anakisia tu, na anayekisia hajachagua.

Huduma ya kaunta inategemea umemkuta nani. Wahudumu wa maduka ya Ontario ni lazima wapitie mafunzo maalumu kabla ya kuanza kazi, na mafunzo hayo yanaonekana. Nilimpeleka shangazi yangu, ambaye magoti yanamsumbua na ambaye wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wamemsifia krimu ya bangi. Mhudumu alimtolea krimu mbili, akamwonyesha kwenye lebo ipi ina CBD tupu, kemikali nyingine ya bangi ambayo hailevyi, na ipi imechanganywa na THC. Shangazi alipomwuliza ni ipi inayoponya baridi yabisi, akamjibu kwamba haruhusiwi kudai kuwa bidhaa inatibu, na kwamba amwone daktari au mfamasia, hasa kama anatumia dawa nyingine. Alimwambia pia kwamba bangi ya tiba ina utaratibu wake tofauti, kwa hati ya daktari, na kwamba huagizwa moja kwa moja kwa muuzaji mwenye leseni ya tiba. Shangazi aliondoka ameridhika. Nimekutana na wafanyakazi wa maduka ya vyakula vya afya wanaodai makubwa zaidi kuhusu mafuta ya samaki.

Siku nyingine mhudumu mwingine alinisikitisha. Kijana aliyekuwa mbele yangu, ambaye kwa kauli yake mwenyewe hakuwahi kutumia bangi, aliuliza ni ipi nzuri, naye akaelekezwa moja kwa moja kwenye yenye asilimia 30, kwa hoja kwamba bei yake inalingana na ile dhaifu na hivyo atafaidi zaidi. Hayo ni mazungumzo ya kumwuzia mtu kisichomfaa. Miongozo ya afya inayotumika Kanada inasema bayana kwamba anayeanza achague THC ya kiwango cha chini, na kwamba hatari ya matatizo ya akili, ikiwemo kupoteza uhusiano na uhalisia, huongezeka kwa vijana na kwa wanaotumia bangi kali mara kwa mara. Sitaki serikali imkataze kijana yule, kwa kuwa ametimiza umri. Nataka aambiwe ukweli na mtu anayemwuzia. Uhuru wa kuchagua unaporomoka pale ambapo upande mmoja wa kaunta unajua hatari na upande wa pili haujui, na aliye na maarifa analipwa kwa kunyamaza.

Kuhusu vitafunwa vyenye bangi nina ya kusifu na ya kulaumu. Vilihalalishwa mwaka mmoja baada ya maua, Oktoba 2019, na sheria iliweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa pakiti nzima, ilhali katika jimbo la Colorado nchini Marekani pakiti moja inaruhusiwa kuwa na miligramu 100. Kikomo hicho kimewaokoa wengi, maana peremende huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kuanza kufanya kazi, na nguvu yake inaweza kuendelea kupanda hadi saa ya nne tangu iliwe, na mtu asiye na subira hujiongezea ya pili akidhani ya kwanza imeshindwa. Wahudumu wote niliowasikia wanalieleza jambo hili vizuri. Tatizo liko nyumbani kwa mteja. Watafiti walioangalia majimbo makubwa ya Kanada waligundua kwamba watoto wadogo waliolazwa hospitalini kwa sumu ya bangi waliongezeka kila mahali, lakini waliongezeka zaidi katika majimbo yaliyoruhusu vitafunwa, Ontario ikiwemo, kuliko Quebec ambako peremende na chokoleti za bangi hazikuruhusiwa. Mtoto wa miaka 3 haamui chochote, na uhuru wangu hauwezi kuwa hoja dhidi ya usalama wake. Duka hili lina kabati zima la visagio, karatasi za kuviringishia na trei za mapambo, lakini halina kisanduku hata kimoja chenye kufuli. Nimeuliza zaidi ya mara moja, nikajibiwa kwamba haviuziki. Jibu hilo halitoshi.

Bei si mbaya. Juu ya bei ya rafu inaongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 13, na ndani ya bei yenyewe mna ushuru wa serikali usiopungua dola 1 kwa gramu, jambo ambalo wakulima wadogo wenye leseni wanalilalamikia kwa haki. Hata hivyo pakiti za kawaida sasa zina bei inayoweza kushindana na ile ya mtaani, na risiti ninayopewa ni ushahidi kwamba nimenunua kihalali. Kwa mtu mweusi katika jiji hili, ushahidi huo una uzito. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilionyesha mwaka 2020, katika uchunguzi wake kuhusu polisi wa Toronto, kwamba watu weusi, ambao hawafiki asilimia 10 ya wakazi wa jiji, walikuwa zaidi ya theluthi moja ya waliokutwa na mashtaka ya bangi katika miaka iliyochunguzwa, ingawa hakuna dalili kwamba tunaitumia kuliko wengine kwa kiasi hicho. Nasisitiza hili kwa wale wanaodhani kwamba mjadala wa kuhalalisha ni wa wavutaji wanaotaka starehe tu. Kijana ambaye hajawahi kuvuta naye alipata uhuru mwaka 2018, kwa sababu kisingizio kimoja cha kupekuliwa mifuko kilipunguzwa. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kuwawekea kando rekodi ya jinai bila ada waliowahi kuhukumiwa kwa kupatikana na bangi, lakini mtu anapaswa kuomba mwenyewe, na waliojitokeza ni wachache mno.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa. Tulipokuwa tukilipia krimu, shangazi alisema angechukua mbili, moja ya kwenda nayo Mombasa mwezi wa Desemba.

"Shangazi, hii huwezi kusafiri nayo," nikamwambia.

"Hata ya kupaka, mwanangu? Si ya kuvuta."

"Hata ya kupaka. Kuivusha mpaka wa Kanada ni kosa hapa, na kule ni kosa jingine."

Mhudumu alikuwa anasikiliza ingawa hakuelewa lugha yetu, na nilipomfasiria akakubali kwamba ni kweli, lakini asingelisema kama nisingeuliza. Hakuna bango dukani linalolieleza. Mteja mzalendo, mwenye pasipoti ya Kanada na asiyesafiri, halihitaji sana. Mkazi wa kudumu, mwanafunzi, mkimbizi au mgeni aliyekuja kutembelea watoto wake analihitaji kuliko punguzo la bei. Kutoa au kuingiza bangi ya aina yoyote, hata yenye CBD tupu, bila kibali ni kosa la jinai. Katika mpaka wa Marekani, ambako sheria ya shirikisho bado inaikataza bangi, mtu asiye raia wa nchi hiyo anayekiri mbele ya ofisa kwamba amewahi kuitumia anaweza kunyimwa kuingia, hata kama aliitumia kihalali Toronto. Kuendesha gari ukiwa umelewa bangi ni kosa ambalo tangu tarehe 18 Desemba 2018 adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 10, na kwa kiwango hicho mkazi wa kudumu akitiwa hatiani anaingia katika kundi la wahalifu wakubwa kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji, na anaweza kupoteza ukazi wake hata kama hakufungwa siku moja. Kumpa bangi aliye chini ya umri kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Kaka mkubwa anayemwachia mdogo wake wa miaka 17 avute kidogo sebuleni hafikirii kwamba ameuweka rehani ukazi wake wa kudumu.

Nilimwandikia meneja nikipendekeza karatasi moja, kwa lugha zinazozungumzwa mtaani hapo, yenye mambo manne: mpaka, gari, watoto na kiwango cha gramu 30 ambacho mtu mzima anaruhusiwa kubeba hadharani. Alinishukuru kwa heshima, akasema maonyo yanayotakiwa kisheria tayari yamo kwenye pakiti. Ni kweli yamo, lakini yale ni ya afya. Hakuna pakiti inayomwambia mtu kwamba uhuru ule ule alioununua una uzito tofauti kulingana na karatasi zake za uhamiaji.

Nimejiuliza kama duka ndiyo njia bora ya kuutekeleza uhuru huu. Afrika Kusini ilipitia njia nyingine: mwezi Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua, kwa msingi wa haki ya faragha, kwamba mtu mzima anaweza kuitumia na kuipanda bangi kwa ajili yake mwenyewe mahali pa faragha, na sheria iliyosainiwa mwaka 2024 ikaendeleza msimamo huo bila kuruhusu biashara ya kuuza bangi ya starehe. Kule uhuru unaanzia nyumbani na kuishia hapo, na hakuna mfanyabiashara anayefaidika kwa kukufanya utumie zaidi. Lakini pia hakuna lebo, hakuna kipimo cha maabara, na asiye na uwanja wa kupanda anarudi kwa muuzaji wa siri. Quebec imechukua njia ya kati, ambapo maduka yote ni ya serikali, umri ni miaka 21 na vitafunwa vitamu havimo. Nikilinganisha, ningependa duka langu liendelee kuwa la mtu binafsi, lakini libanwe kama ya Quebec katika ushauri wake kwa mteja, kwa maana niliyoyaona kwa yule kijana wa asilimia 30 yalitokana na haraka ya kuuza.

Jamaa walioko nyumbani huniuliza kama duka la namna hii lingefaa kwetu. Mjadala wa Kenya ulipamba moto mwaka 2022, George Wajackoyah alipogombea urais akiahidi kuhalalisha bangi, akashika nafasi ya tatu kwa kura zisizofika asilimia 1. Ahadi yake ilihusu zaidi mauzo ya nje na kulipa deni la taifa, na swali la haki ya raia mmoja mmoja likabaki nyuma. Tanzania nayo inaendelea kuteketeza mashamba na kutoa vifungo virefu. Kabla ya kuhesabu dola za kuuza nje, ningewashauri wabunge wa kwetu waanze na swali la kwa nini kijana aliyekutwa na msokoto mmoja apelekwe mahabusu, kisha waulize ni maabara gani itakayopima, ni nani atakayekagua umri mlangoni, na mzazi atapewa nini cha kufungia.

Kwa jumla nalipendekeza duka hili kwa mtu mzima ambaye tayari anatumia bangi na bado ananunua kwa watu asiowajua, na kwa mzee anayetaka kuuliza maswali bila kuonewa haya. Silipendekezi kwa anayekwenda mara ya kwanza peke yake siku ya Ijumaa jioni, foleni inapokuwa ndefu na wahudumu hawana nafasi ya kueleza. Nenda katikati ya wiki, beba kitambulisho chenye picha, hata pasipoti ya nyumbani inakubaliwa, angalia tarehe ya kufungashwa na usome namba ya jumla ya THC kabla hujalipa. Ukiwa hujapata uraia, acha gari nyumbani na usibebe chochote uwanja wa ndege wa kimataifa. Mwenye watoto anunue kwanza kisanduku chenye kufuli katika duka la vifaa lililo ng'ambo ya barabara, kwa kuwa hapa bado hakipo.